Safari ya Ugogo na Wauza Dawa Wake

Msomaji mpenzi, leo nakualika tusafiri pamoja katika nchi ya katikati. Hatuendi kutazama simba wala kupanda mlima. Tutashuka kwa barabara kuu kutoka Kondoa mpaka Dodoma, tugeuke mashariki kwenda Mvumi na Kongwa, halafu tuelekee machweo mpaka Manyoni. Njiani nitakuonyesha magonjwa ya nchi hii, na watu wanaoyafanyia biashara kwa dawa zisizoponya, na sheria inayowatafuta watu hao. Chukua chupa ya maji na kofia. Jua la huku halina mzaha.

Barabara hii ya kaskazini ni ya siku nyingi. Wazee waliambiwa kwamba ni kipande cha njia ya kutoka Cape Town mpaka Cairo. Tangu mwaka 2018 ina lami yote kutoka Babati mpaka Dodoma, nawe waweza kunywa chai Babati ukala chakula cha mchana Dodoma. Ukiwa na nafasi, shuka Kolo uulize njia ya kwenda kwenye michoro ya watu wa kale. Ipo miambani, mingi yake ya rangi nyekundu, na tangu mwaka 2006 imeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini barabara hii inatukumbusha na jambo lingine. Mwaka 2011, wakati lami bado haijakamilika, magari yaliyobeba wagonjwa yalikuwa yakielekea kaskazini, si kwenda hospitali, bali kwenda Samunge, kijiji cha Loliondo. Bila shaka unakumbuka. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja tu, mara moja tu, shilingi 500. Kikombe hicho, alisema, kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Wakubwa walikunywa na wadogo walikunywa. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi porini, na mwishoni mwa mwezi Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 50 walikwisha kufa wakingoja zamu yao. Mzee mwenyewe aliomba watu wasije kwa siku chache ili foleni ipungue.

Shilingi 500 si kitu, utasema. Kweli, kikombe kilikuwa rahisi. Nauli ndiyo iliyokula ng'ombe. Tena kuna hasara kubwa kuliko ng'ombe: madaktari waliwaona wagonjwa wa UKIMWI walioacha dawa zao za kila siku kwa kuwa wamekwisha kunywa kikombe, na wa kisukari walioacha sindano. Wataalamu wa serikali waliuchunguza mti ule wakasema kwamba kwa kipimo kile hauna sumu. Watu wengi waliposikia hivyo walishangilia, kana kwamba wameambiwa unaponya. Kumbe hata maji ya kisima hayana sumu, na wala hayaponyi saratani.

Je, Babu alishtakiwa? Hapana. Aliishi Samunge mpaka alipofariki mwaka 2021. Usidhani kwamba serikali ililala tu. Ili mtu ahukumiwe kwa kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba yule mtu alijua asemalo si la kweli, au mwenyewe hakuliamini. Na mzee yule, kwa jinsi watu walivyomwona na kumsikia, aliiamini ndoto yake. Sheria haina njia rahisi ya kumkamata mtu anayekosea kwa moyo mweupe. Liweke neno hili akilini, maana tutalihitaji tukifika mnadani.

Sasa tumetoka Kondoa tumeingia Chemba. Tazama mashamba ya mahindi. Zamani nchi hii ilikuwa ya mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame, lakini mahindi yamesonga mbele kila mahali. Katikati ya mwaka 2016 watu wa huku walianza kuugua ugonjwa usiojulikana. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo linajaa, miguu inavimba, wanatapika. Katika nyumba moja waliweza kuugua wengi kwa pamoja, na watoto ndio waliokufa upesi. Mwanzoni ilitiliwa shaka nyama ya ng'ombe ambayo familia moja ilikuwa imeila. Haikuwa nyama. Damu za wagonjwa zilipimwa, na mahindi ya nyumbani kwao yakapimwa, ikaonekana ni sumukuvu, yaani sumu itokayo katika ukungu wa nafaka iliyovunwa na kuwekwa bila kukauka vizuri. Mpaka mwisho wa mwaka ule, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, walihesabiwa wagonjwa 68, na kati yao 20 walikufa. Jirani zetu wa Kenya waliona balaa kubwa zaidi mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafa.

Nimekusimamisha hapa Chemba kwa sababu moja. Hebu fikiri: nyumba moja inakufa, nyumba ya jirani haina hata anayekohoa. Mpiga ramli angeweza kupata faida kubwa kuliko hiyo? Angefika na tunguri yake, angepokea kuku na fedha, angetaja jina la mama mzee anayekaa peke yake pembeni ya kijiji. Na wale wa nyumba iliyopatwa wangeendelea kula mahindi yale yale. Tofauti ya nyumba na nyumba ilikuwa ghalani. Wala sumu hii haina dawa ya kuiondoa tumboni. Dawa yake ni kuyatupa mahindi yaliyooza, hata kama njaa inabisha hodi, na kuyakausha vizuri yajayo. Shauri kama hilo mpiga ramli hawezi kuliuza, maana halina bei.

Tufike Dodoma mjini. Wenyeji husema jina hili lilitoka katika neno la Kigogo la kudidimia, kwa ajili ya tembo aliyezama matopeni akienda kunywa maji. Leo ni vigumu kusadiki habari ya matope, maana mvua ya mwaka mzima haifiki hata nusu ya mvua ya Bukoba, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Reli ilifika hapa mwaka 1910. Mwaka 1973 iliamuliwa pawe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia kwa kweli. Mtumba kumejaa wizara, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamleta mtu kutoka Dar es Salaam kabla njaa haijamwuma.

Katika mji huu ndimo limo Bunge, na Bunge ndilo lililopitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002. Sheria hii haikuja kuwafukuza waganga wa miti shamba. Iliwapa heshima na ikawapa masharti. Liliundwa Baraza la kuwaandikisha. Mganga anapaswa kujulikana kijijini kwake, kuandikishwa na kupewa cheti, na mahali anapotibia napo paandikishwe. Dawa yake yaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ipimwe kama ina sumu. Kutibu watu bila kuandikishwa ni kosa, na kujitangaza ovyo ni kosa. Tena hatupaswi kuidharau miti yetu. Kwinini ilitoka katika ganda la mti, na dawa ya mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina kitu kilichotolewa katika mmea wa pakanga, ambao hata hapa kwetu umelimwa. Mzee anayejua majani ya kutuliza tumbo, anayeyatoa kwa kuku mmoja au kwa ahsante, na anayesema, “Hili limenishinda, mpelekeni hospitali,” si mtu ninayemsema leo.

Ninayemsema utamkuta mnadani. Nchi hii ina minada mingi ya ng'ombe na mbuzi; ule wa Msalato wa siku ya Jumamosi, njia ya kwenda Kondoa, unajulikana kwa nyama yake. Lakini nenda mnada wowote, hapa au kwenu, utamwona. Amesimama juu ya gari dogo au kando ya turubai, ana kipaza sauti, ana chupa za maji ya rangi ya kahawia na vifuko vya unga. Hataji ugonjwa mmoja, anataja 40: mgongo, ganzi ya miguu, vidonda vya tumbo, kisukari, nguvu za kiume, mkosi wa biashara, mtoto anayekojoa kitandani. Ukisikiliza robo saa utasikia ugonjwa wako, maana hajaacha hata mmoja. Halafu kutoka katika kundi la watu atatokea bwana mmoja, amevaa kawaida kama wewe, naye atapaza sauti: “Mimi nilikuwa siwezi kutembea! Dawa hii imenisimamisha!” Watu watamtazama miguu. Hapo bei itatajwa, shilingi 20,000. Kisha, kwa kuwa leo ni siku ya neema, 10,000. Kisha kwa watu kumi wa kwanza, 5,000. Mikono inanyoshwa.

Kama una subira, usinunue, kaa chini ya mbuyu ungoje jioni. Utamwona yule aliyekuwa hawezi kutembea akikunja turubai na kupakia chupa garini.

Hapo ndipo lile neno la sheria linapopata kazi. Mwenye kuota ndoto akaiamini ni mtu mmoja. Mwenye kumlipa mtu ajifanye amepona ni mwingine. Huyu wa pili anajua. Shahidi wake wa uongo ndiye shahidi wa kweli wa mashtaka. Kanuni ya Adhabu inamtosha, hata kama sheria ya mwaka 2002 isingekuwapo. Na akianza kumwambia mtu kwamba amerogwa na fulani, ipo pia Sheria ya Uchawi, ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1928 nayo bado ipo: kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, na kujidai una nguvu hizo ni kosa. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambayo yalichochewa na wapiga ramli, serikali iliwapiga marufuku, na kufikia mwezi Machi mwaka ule walikwisha kukamatwa zaidi ya 200.

Basi kwa nini yule wa mnadani yuko kazini kila wiki? Kwa sababu kesi inataka mlalamikaji. Aliyenunua chupa ya 5,000 atapanda gari aende mjini, atoe maelezo polisi, arudi siku ya kutajwa kesi, arudi tena siku ya ushahidi? Nauli inazidi chupa. Tena atatakiwa kusimama mbele ya hakimu na ya watu wa kijijini kwake aseme ugonjwa alioutafutia dawa. Wanaume wengi wangekubali kupoteza fahali kuliko kusema hilo. Mwuza chupa analijua, ndiyo maana bei yake haizidi uchungu wa kunyamaza. Wala usifikiri kwamba wanaodanganywa ni wajinga. Wanaumwa. Mgongo unauma kweli, ganzi ipo kweli. Uongo wa namna hii haujengwi juu ya uongo. Hujengwa juu ya ugonjwa wa kweli ambao mtu amechoka nao.

Twende upande wa mashariki tuone ugonjwa wa kweli wa Ugogo kuliko yote, yaani macho. Toka mjini mpaka Mvumi si mbali, na hospitali ya Waanglikana iliyopo pale imejulikana kwa macho tangu zamani. Mbele zaidi, njia ya Morogoro, ni Kongwa. Wazee wa Kongwa wanakumbuka simulizi za karanga: kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Kiingereza ilimwaga fedha nyingi hapa kwa matrekta na mitambo ili kulima karanga za kuulisha Ulaya mafuta, na mvua ikakataa. Wagogo wangaliweza kuwaambia bure. Sasa Kongwa inajulikana kwa ng'ombe, na Kibaigwa kwa soko kubwa la mahindi. Salimia watu kwa kusema “Mbukwenyi,” nao watafurahi, watakuuliza habari za nyumbani kwako mmoja mmoja.

Ugonjwa unaitwa trakoma, watu husema vikope. Huletwa na kijidudu kinachopita kutoka uso wa mtoto kwenda uso wa mtoto mwingine, kwa vidole, kwa nguo ya kujifutia, na kwa nzi wadogo wanaopenda tongo. Mtoto akishikwa mara nyingi, ndani ya kope panapata makovu. Miaka inapita. Siku moja, mtu akiwa mama wa watoto wanne au watano, kope zinapinda kwa ndani, na kila akipepesa, nywele zinakwaruza kioo cha jicho kama mchanga. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto. Utawaona wana koleo ndogo ya kung'olea nywele za kope, imefungwa katika pindo la kanga. Mwisho wake ni upofu, na mtoto mmoja anaacha shule ili ashike fimbo ya bibi.

Mtu mwenye maumivu hayo atakubali tone lolote. Basi humo machoni hutiwa maji ya majani yaliyotwangwa, unga wa mizizi, maziwa ya mama, hata mkojo. Mwaka 1994 madaktari wa macho walichapisha hesabu ya wagonjwa 103 wa Tanzania wenye vidonda katika kioo cha jicho: robo yao vidonda vilihusika na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Na kabla ya hapo, watoto walipokuwa wakipofuka kwa surua na kwa kukosa vitamini A, mara nyingi dawa ya kienyeji ilikuja juu yake ikamaliza kilichobaki. Mganga wa jicho hadai fedha nyingi. Lakini jicho halina siku za kupoteza. Kidonda kinachoweza kutibiwa leo kwa dawa ya hospitali, baada ya siku tatu za majani kimekwisha kutoboa.

Nawe ujue tiba ya kweli ni ipi, maana haina ajabu yoyote. Kuna kidonge kinachotolewa kwa kijiji kizima mara moja kwa mwaka, na hesabu ya vidonge hujulikana kwa kumsimamisha mtu kando ya fimbo ya kupimia urefu. Kuna upasuaji mdogo wa kuigeuza kope itazame nje; mtu harudi akiwa amelala. Kuna choo, kwa sababu yule nzi huzaana katika kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi. Na kuna kunawa uso. Watafiti wa kigeni na wa kwetu walioanza kazi Kongwa miaka ya 1980 waliwauliza akina mama kwa nini watoto hawanawi. Wakajibu kwamba maji yako mbali. Ni kweli, yalikuwa mbali. Lakini walipokaa pamoja wakapima, ikaonekana kwamba maji kidogo tu katika kibuyu yanatosha nyuso nyingi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Mwaka 1995 walitangaza matokeo: katika vijiji vilivyofundishwa kunawa, watoto waliodumu na uso safi walipungukiwa na trakoma kali. Mimi nimefikiri mara nyingi juu ya kibuyu kile. Hakuna mtu angeweza kukiuza mnadani.

Sasa turudi Dodoma, tuvuke Bahi penye mpunga na mabwawa ya msimu, tupande mpaka Manyoni. Huku tunaingia mkoa wa Singida, na hapa nitasema neno ambalo baba na mama walisome pamoja, nao wataona wenyewe namna ya kuwaeleza watoto wakubwa.

Katika nchi hii, kwa Wagogo na kwa Wanyaturu, kuna ugonjwa unaoitwa lawalawa. Mtoto mchanga wa kike analia akikojoa. Anawashwa, ana wekundu, pengine usaha. Ugonjwa upo, sikatai. Ni uchafu na ukungu unaoshika ngozi yenye unyevu, au maradhi ya njia ya mkojo, mahali ambapo maji ya kumwogeshea mtoto ni ya kubebwa kichwani. Lakini dawa iliyotangazwa kwa akina mama ni wembe. Wanaambiwa kwamba lawalawa haiponi mpaka mtoto akeketwe, na kwamba asipokeketwa atakufa.

Hebu tazama habari hii ilivyoanza. Ukeketaji ni mila ya zamani huku, na ulikuwa na sherehe zake kwa wasichana wakubwa. Serikali ilipoanza kuupiga vita baada ya Azimio la Arusha, watu waliochunguza wanasema ndipo jina la lawalawa lilipoanza kusikika sana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikasemwa kwamba ni mizimu iliyokasirika kwa kuwa mila imeachwa. Basi mila ikavaa koti la daktari. Isingekubaliwa kama ngoma, ikakubaliwa kama tiba. Na kwa kuwa sasa ni tiba, haikungoja msichana akue. Ilimshukia mtoto wa miezi michache, wakati mwingine wa siku chache, usiku, bila ngoma, bila mtu kujua.

Huu ndio ulaghai wa dawa mbaya kuliko chupa zote za mnadani, ingawa hauna kipaza sauti. Damu inamwagika kwa mtoto ambaye hana damu ya kumwaga. Kidonda kinaoza. Makovu yanamngoja siku ya kujifungua. Na lawalawa yenyewe? Ikipungua, bibi anasema wembe umeponya. Kumbe mtoto alioshwa na kutunzwa siku hizo kuliko siku nyingine zote. Muuguzi wa zahanati angeitibu kwa dawa ya kupaka au ya kunywa, na kwa maji safi.

Sheria ipo, na ni kali. Mwaka 1998 Bunge lilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ikaingizwa katika Kanuni ya Adhabu: mwenye kumtunza mtu wa chini ya miaka 18 akamkeketa au kusababisha akeketwe, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na fidia kwa aliyeumizwa. Umesikia lakini inamwelekea nani? Mwenye kumtunza mtoto. Yaani wazazi. Sasa fikiri kesi hii itakavyosimama mbele ya hakimu. Aliyeumizwa hajui kusema. Anayejua ni mama, naye ndiye mshtakiwa. Aliyeshika wembe ni bibi mzaa baba, au ngariba aliyeitwa na bibi. Baba atasema hakuwapo, na pengine ni kweli. Jirani alisikia kilio, lakini kesho atahitaji moto na chumvi kutoka nyumba ile ile. Muuguzi huona kidonda siku ya kliniki, kama mtoto analetwa kliniki. Na mama akijua kwamba muuguzi atasema polisi, hamleti. Ndivyo sheria kali inavyoweza kumfungia mtoto mlango wa hospitali. Mimi sisemi sheria iondolewe. Nasema tu kwamba hakimu hawezi kuufikia usiku ule, na mama mkwe yuko pale pale.

Tena habari zinabadilika, nami nina furaha kuzisema. Katika hesabu ya afya ya nchi nzima ya mwaka 2015 na 2016, wanawake 47 katika kila 100 wa mkoa wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walisema wamekeketwa. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 18. Singida walitoka 31 wakawa 20. Watu wengine wanatilia shaka, wanasema mwanamke aliyekeketwa uchanga huenda hajui, na anayeogopa sheria hasemi. Hiyo ni kweli kidogo. Lakini wauguzi wanaozalisha huona kwa macho, na akina mama vijana wengi wamekwisha kusikia zahanati jina la kweli la lawalawa na dawa yake.

Msomaji, kama una mtoto mchanga anayelia akikojoa, mpeleke zahanati kesho asubuhi, na kama bibi anataka kwenda naye, aende. Ni vizuri akamsikie muuguzi kwa masikio yake. Mwambie muuguzi neno lenyewe, lawalawa, usione haya; huku analijua. Na kama mganga yeyote akija kwako, mwulize cheti chake cha Baraza. Ofisi ya halmashauri ina mratibu wa tiba asili ambaye kazi yake ni kujua kama mtu yule ameandikishwa, naye haombi nauli ya kwenda mahakamani ili akujibu.

Manyoni ndipo tunapoachana. Reli inaendelea mpaka Itigi na Tabora, na barabara inapanda kwenda Singida. Ukipata njaa, kituoni wanauza kuku wa kienyeji wa kuchoma. Ni wagumu kidogo, lakini ni watamu.